Nilivyowahutubia kwa Mgongo

Jumatatu, 4 Machi

Mhadhiri wa kemia ametangaza: Ijumaa kila mtu atasimama mbele aeleze mada yake. Yangu ni sabuni. Asiyesimama atarudia somo mwakani. Na mama keshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe hafeli. Nimekwisha.

Hapa naweza kusema ukweli. Nimesoma kwa lugha mbili na nanyamaza vizuri kwa zote mbili. Tangu muhula uanze mama wa kantini ananimwagia pilipili kwenye chakula kwa sababu sijapata ujasiri wa kumwambia sitaki. Nakula huku nalia. Anadhani nimefiwa, ananiongezea.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nina simu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemgundua Kocha wa Kujiamini. Video zake ni za nusu dakika. Nimezitazama tangu chai ya asubuhi mpaka giza, kwa hiyo sasa nimebobea. Anasema mtazame mtu katikati ya nyusi, vuta pumzi, tabasamu. Nikamfanyia mlinzi wa geti. Akaniomba kitambulisho. Halafu akauliza kama ninacho kingine.

Sikuvunjika moyo. Wenye vipaji huwa hatueleweki haraka.

Jumatano, 6 Machi

Mpango! Kwa nini nisimame mimi wakati video yangu inaweza kunisimamia?

Ninaishi chumba kimoja na dada wa kitanda cha juu, tunasoma naye darasa moja. Alipotoka kufua nikajifungia, nikaieleza simu habari za sabuni. Maneno yalitiririka. Mikono ikacheza yenyewe. Mwisho nikaweka filta kidogo tu: ngozi, pua, kidevu, macho. Pua tena. Nikamtumia mhadhiri. Akajibu kwamba ataionyesha darasani.

Dada alipoitazama akauliza huyu msichana ni nani, mbona anaeleza vizuri hivi. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi

Video ikarushwa ukutani. Yule kijana tunayemwita Spika, anayejibu hata maswali ya wenzake, akataka kujua huyo mrembo anasoma chuo gani. Mhadhiri akaniangalia mimi, akaangalia ukuta, akarudi kwangu.

"Mwanangu, huyu si wewe."

Nilitaka kusema ni mimi. Nikaishia kumtazama katikati ya nyusi na kutabasamu. Akasema hana ugomvi na mtu, mwenye mada aje aieleze sasa hivi kwa mdomo wake. La sivyo tutaonana mwakani, mimi na sabuni yangu.

Nikamwona mama akipita nyumba hadi nyumba, akiyafuta maneno yake.

Hapo akili yangu ikawaka. Nikaenda mbele, nikawapa wote mgongo, nikainua simu usoni nijirekodi kama ninavyofanya chumbani. Spika akasema labda mgongo ndio uliosoma. Sikumjali. Kwenye kioo nilijiona mwenyewe, mweusi-mweusi kidogo, nadhani ni mwanga wa lile darasa. Wao walikuwa nyuma ya bega langu, wadogo kama punje za mchele. Nikaongea. Mafuta, maji, povu, uchafu unavyong'oka, yote! Spika akarusha swali la kunitega. Nikalijibu bila kugeuka.

Makofi. Mhadhiri akasema nimefaulu, ila safari nyingine nije na uso.

Nimefaulu kwa mgongo. Nani mwingine chuoni ana mgongo kama huu?

Jumamosi, 9 Machi

Nikataka kumwonyesha dada nilivyorekodi jana. Nikatafuta. Hakuna kitu. Dada, ambaye alikaa mstari wa mbele, akaacha kukunja nguo zake.

"Mdogo wangu, simu yako iliisha chaji ikazima hata hujamaliza kusalimia. Kioo kilikuwa cheusi tii. Ulikuwa unaongea na sisi."

Nimelitafakari jambo hili asubuhi nzima, kwa kina, na jibu nimelipata. Simu yangu inafanya kazi hata ikiwa imezima. Wangapi wanayo kama hii?

Mchana nikaenda nayo kantini. Zamu yangu ilipofika nikampa mgongo mama wa kantini, nikainua simu, nikasema kwa sauti, "Mama, leo usiniwekee pilipili."

Akasema nisogee, picha zinapigwa nje. Kisha akanimwagia pilipili.

Nimekula huku nalia, lakini kichwa juu. Kosa nimeshalijua. Simu ilikuwa na chaji.