Mama, Tableti na Kuku Wangu

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeisafiria kwa boti kutoka Moroni hadi Mutsamudu. Nimetapika njia nzima. (Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni siendi mpaka nisukumwe.)

Sababu ni mama, anayeishi huku Mutsamudu. Mwezi uliopita aliweka simu kwenye pipa la mchele akamwita mjukuu wake kwa jina la mbuzi. Dada yangu aliyeko Marseille akapiga simu: mama apimwe kumbukumbu, na akionekana ameanza kupotea, nimhamishie kwangu Moroni.

Kwangu wapi? Nyumba ni ya mke wangu, kama mila ya kwetu visiwani ilivyo: mume ndiye huhamia. Mimi mwenyewe naishi pale kwa adabu njema. Sasa nimpeleke mama, mwenye nyumba yake, akakae kwa mkwe na kumfundisha kupika samaki? Ningegeuka kuwa yule samaki.

Kwa hiyo ilibidi mama afaulu.

Kliniki wanapima kwa tableti, ile simu pana ya kioo. Unasikia maneno matano, unachezacheza na tarakimu, kisha unaulizwa maneno yale. Mama akakiangalia kioo kile kama dawa chungu. "Onja wewe kwanza," akaniambia. Nesi, binti mpole, akanifungulia zoezi la majaribio. Pua, mlango, kuku, ndizi, mvua. Nikayakariri, na hapo shetani akanipa wazo.

Zamu ya mama ikafika. Nikasimama nyuma ya nesi. Mama alipoulizwa maneno, nikajishika pua. Nikafungua mlango wa hewa. Nikamenya ndizi ambayo haipo. Mama ananitazama tu. Basi nikapiga mabawa. Kwa moyo wote. (Nadhani na kichwa nilikichezesha. Mdomo sina uhakika.)

"Nesi, mwanangu," mama akasema taratibu, "mwangalie huyu kwanza. Mimi naweza kungoja."

Nesi akageuka. Mikono yangu bado iko juu.

"Kaka, maneno hubadilika kila mara," akasema. "Hakuna kuku humu."

Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi alikohoa mpaka akapewa maji.

Mama akasema maneno yake manne kati ya matano, polepole. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kumbukumbu za ziada: mwaka ule wa mamluki, askari wa kukodiwa waliokuja kupindua serikali, nilikuwa na miaka sita, redio ikasema wameingia Moroni, nami hapa Mutsamudu, kisiwa kingine kabisa, nikaingia chini ya kitanda chake na sahani ya wali. "Alitoka siku ya pili," akamwambia nesi. "Kuomba mchuzi."

Nesi akaeleza kwamba tableti haitoi hukumu, humwonyesha daktari pa kuangalia tu. Matokeo ya mama yalikuwa mazuri kwa umri wake. Daktari ataongea naye, pia apimwe masikio. Halafu akanigeukia. Je, na mimi nipimwe, kwa kweli safari hii?

Nikakubali, nirudishe heshima. Maneno mapya matano. Nilipoulizwa, nikajibu kwa sauti: pua, mlango, kuku...

Nesi akaandika: nirudie kipimo baada ya miezi sita. Nilale vya kutosha. Na awepo mtu wa karibu wa kuniangalia.

Tukampigia dada. Mama akachukua simu: yeye anabaki kwake. "Na huyu pia anabaki kwangu, mpaka akili imtulie. Mimi nina nyumba."

Nikampigia mke wangu aje anikomboe. Akasema hana neno, na nguo zangu keshazikunja. Keshazikunja!

Nawaandikia nikiwa kwenye kitanda kile kile cha mwaka wa mamluki. Mkitaka kucheka, chekeni kwa sauti ya chini, mama masikio yake ni mazima kuliko nesi anavyodhani. Nimeshachungulia chini ya kitanda. Siku hizi sienei.