Mganga wa Kikosi Chetu Alikuwa Msaliti

Leo nimepatikana, jamani. Nimepatikana vibaya.

Wanaonifahamu wanajua nauza spea za pikipiki hapa Dongobesh, na duka likipoa nacheza gemu la mtandaoni, lile la kuingia pangoni kuua joka. Tunaingia wanne. Mmoja ni ngao, anasimama mbele apigwe yeye. Mmoja ni mganga, anatutibu. Mimi na mwenzangu tunashambulia. Gemu linaruhusu mtu kubadili kazi anavyotaka, ila mimi sibadili. Nimezaliwa mshambuliaji. (Kumtibu mtu? Nina shughuli zangu.)

Shida ilikuwa Nyota. Sura yake hatuijui, tunajua jina tu. Asubuhi Nyota ni mganga mpole, akikutibu anaandika "pole mwanangu". Mchana huyo huyo ni mshambuliaji, analirukia joka kama kichaa na kuandika "hahahaha". Jioni ni ngao, na haandiki kitu. Mtu mmoja, tabia tatu! Nikaanza kunusa. Huyu katumwa na wapinzani wetu, kikosi cha Babati, kutupeleleza.

Ushahidi ukajileta wenyewe. Juzi joka limebakiza pumzi kidogo, Nyota akaandika "ng'ombe wameingia kwenye ngano", akapotea. Tukafa wote. Jana: "maharage yanaungua". Tukafa tena. Nikawaambia wenzangu hayo ni mafumbo, anawapa watu wake ishara. (Nimekulia Mbulu. Ng'ombe kuingia shambani nimekuona maisha yangu yote. Akili yangu ilikuwa wapi, msiniulize.)

Sasa leo nilikuwa na safari ya Tlawi kupeleka posa kwa kina Paskalina, mchumba wangu anayefanya kazi Haydom. Nampenda huyu dada mpaka najisahau. Na pale kwao, neno la mwisho ni la bibi yake.

Baba mdogo ndiye msemaji wangu, kabeba asali ya posa. Tulipofika akaniambia, "Kaa hapa kwenye pikipiki, nitakuita." Alivyokuwa anajiweka sawa koti, nikafungua simu. Nyota yumo! Mganga! Tukaingia pangoni. Ananitibu vizuri, "pole mwanangu, pole mwanangu". Joka linayumba. Baba mdogo kule mlangoni akapiga hodi, na papo hapo Nyota akaganda. Dawa hakuna. Nikafa.

Siku zote huwa naandika. Leo hasira zikanizidi, nikatuma sauti kwenye kundi letu: "Nyota, nimeshakujua! Mchawi mkubwa wewe! Waliokuzaa walizaa hasara!"

Nikafuta viatu vumbi. Nikaitwa ndani.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole na safari, mwanangu," akasema bibi.

Ile "mwanangu" ikanigonga sikioni. Nikaipuuza.

Baba mdogo akaanza kunipamba. "Kijana wetu ni mpole. Tangu azaliwe hajamtukana mtu." Paskalina, aliyekuja nyumbani kwa ajili ya siku hii, akatabasamu. Na mimi nikainamisha kichwa, kimpole.

Simu juu ya kabati ikalia. Mtandao wa Tlawi ndiyo kwanza ulikuwa unaifikisha sauti yangu.

"Viktoria, nipe hiyo simu," bibi akamwambia mdogo wake Paskalina. "Niliwaacha wenzangu vitani wageni walipobisha." Akabonyeza. Spika mpaka mwisho, si mnajua simu za wazee.

"NYOTA, NIMESHAKUJUA! MCHAWI MKUBWA WEWE!"

Sebule nzima ikanigeukia. Sauti ile ile iliyotoka kutoa shikamoo! Baba mdogo akaikumbatia asali yake.

Baba yake Paskalina akasema polepole, "Kumbe ni wewe. Kila jioni nakukingia mapigo, halafu unamwita mama yangu mchawi?"

"Hahahaha!" akacheka Viktoria. Ile ile ya mchana.

Simu ni moja, watu watatu. Mwenye nafasi anaingia, na kila mmoja anashika kazi anayoiweza. Genge langu la Babati ndilo hilo.

Nikapiga magoti. "Bibi, nisamehe, sikujua ni wewe."

"Kwa hiyo angekuwa bibi wa mwingine ni sawa?"

Paskalina anaangalia sakafu.

"Huko pangoni kazi yako ni nini?"

"Kushambulia, bibi."

"Na nyingine?"

"Hiyo tu."

"Mjukuu wangu akiugua utamshambulia?"

Jamani. Ningepata shimo ningeingia.

"Nenda kajifunze kutibu," akasema. "Siku utakayonifikisha mzima mpaka joka lianguke, leteni asali."

Asali tumerudi nayo. Baba mdogo hajanisemesha njia nzima.

Sasa hivi nimefunga duka, mimi ni mganga. Bibi naye kabadili, ni mshambuliaji, na haogopi kitu. Nimeshamuua tena na tena. Kila akifa ananiandikia "pole mwanangu".

Asicheke mtu. Anayejua kumtibu bibi anayekimbilia joka aniambie, nataka kuoa.