Kuagana na Mama Ngalula

Ba-mama bangu ba kanisa, leo nimekula haya mpaka nimeshiba. Mi nkambo muzima, mwenye bajukuu! Tafazali, hii barua musiisomee bwana zenu.

Habari munaijua. Muzee wangu alikufa, na nyumba ya kompani ya mugodi haingojaki mujane. Muzee aliipatia ile kompani mapafu yake yote mbili. Machozi haiyakauka, karani ameshafika ku mulango: "Citoyenne, nyumba inaomba mutu mwingine." Inaomba! Nilizalia mule batoto saba, sikusikia siku moya nyumba inasema. Leo njo imepata kinywa.

Sawa. Asubui kamiyo ikakuya kunipeleka Mutshatsha, kwa ndugu yangu. Nikavaa kikwembe ya Pasaka. (Kama banafukuza mutu, bamufukuze amependeza.) Bakapakiza kitanda, masufuria, kuku mu kitunga. Nikasema: "Fotei ya muzee, ile kiti yake kubwa, muiweke juu ya bitu byote. Mi nitaikalia." Kambi yote ya kompani ione! Nikapanda. Bavijana babili balinisukuma ku matako. (Hapo pia musicheke.)

Kule juu nikaona mama Ngalula, jirani yangu, mutu wa Kasai. Anasimama ku lupango yake, mbele ya nyumba, na mwiko ya bukari mu mukono. Miaka yote kuku zake zilikula maharagi yangu, na mi nikafunga kinywa, juu bwana yake na muzee balikuwa ekipe moya ku kazi. Sasa muzee hayuko. Nikafungua kinywa.

"Mama Ngalula! Ulikuya na treni na sanduku moya! Leo mi mwenye inchi njo naondoka, we unabakia! Bakia na kuku zako, bezi kama we! Na ile redio yako, ilikufa zamani, unaiweka mu dirisha bapitaji baone. Utaizika lini?"

Eeh! Kambi ilicheka mpaka batoto bakapiga makofi. Mama Ngalula akaniangalia tu.

"Safari njema, mama."

Nikapiga fotei: "Shofere, twende!"

Kamiyo ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

"Shofere, ni nini?"

"Imekufa, mama."

"Basi uifufue!"

"Inaomba piesi mupya ya injini, itoke Lubumbashi. Labda kesho. Labda juma inakuya."

Ba-mama, na lile jua! Nilikaa kule juu kama sanamu ya Bikira siku ya maandamano, lakini bila batu ba kunibeba. Kushuka? Bale bavijana balishaenda. Batu bakakuya kuniangalia, bakaenda kula, bakarudia kuniangalia. Mu nyumba yangu, bibi wa mupangaji mupya alikuwa anatundika rido, pazia zake, mu dirisha. Nikamwita: "Mwanangu, unifungulie hata baraza tu." Akajibia mu dirisha: "Mama, karani alisema nisipokee mutu." Akafunga rido. Dirisha nilipanguza mi na mukono yangu!

Njo nikasikia ngazi inagonga kamiyo.

"Shuka polepole, mama," mama Ngalula akasema. "Mi nashika mugulu."

Akanishusha kama muzigo ya mayai. Akashusha na kitunga. Kuku zangu, zile zisizo na adabu, zikatoka mbio, zikaenda moya kwa moya mu mboga zake! Akaziangalia. Afazali angenitukana.

Akanitandikia mukeka, akaniwekea bukari ya moto na samaki kavu. Macho yangu haikuweza kuinuka ku sahani.

"Mama Ngalula, yale maneno ya asubui..."

"Maneno gani, mama? Sikusikia kitu. Redio ilikuwa inapiga makelele."

Nikageuka ku dirisha. Iko pale. Kuku moya amelala juu yake.

Bukari nilikula, nawaambia kweli. Nikakula yote. Na mwenye kutaka kucheka, anitumie kwanza ile piesi ya kamiyo.