Bangi Yangu na Soksi za Noelene

Jumamosi, 7 Desemba

Mume wangu Clarrie amechana nywele kwenda uani. Nywele zenyewe unazihesabu ukamaliza kabla birika halijachemka. Miaka hamsini na moja ya ndoa, hajawahi kunichania mimi.

Kumbe anakwenda kwenye uzio kutazama bangi ya Noelene. Noelene ni jirani, mjane, ana meno yake yote. Sheria ya hapa Canberra inampa kila mtu mzima miche miwili, nje, peupe. Yeye kapanda miwili, mimi nimepanda miwili. Yangu imesimama kama fimbo. Ya kwake imetanuka kama meza ya watu sita. Alikata vichwa, matawi ya pembeni yakapata nguvu, kisha yakalazwa na kufungwa yatazame jua.

Niseme kweli. Aliyeyafunga ni Clarrie. Kayafunga kwa soksi ndefu za Noelene. Soksi hizo zilikuwa miguuni mwa mtu.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwambia Clarrie na yangu tuikate vichwa. Akasema niiache. Eti nilinunua mbegu ya upesi, ile isiyongoja siku zifupike. Inahesabu siku zake yenyewe tangu kuota, na sasa ina mwezi na imeshaanza kutoa maua. Ukiikata leo inakaa kuuguza jeraha huku siku zinakwisha. Ya Noelene ni ya polepole, ina hadi Aprili kupona. Akanisomea na karatasi ya mbegu, kuonyesha hajatunga.

Mimi shule sikuingia. Baba alitega sungura shamba hadi shamba na sisi nyuma yake, herufi nilizipata kwenye makopo ya jemu. Lakini mwanamume anayemlindia jirani ushindi namjua bila kusomewa.

Alipolala mchana nikakata kichwa cha mche mmoja kwa mkasi wa nyama. Alipoamka nikasema posamu, yule mnyama wa usiku anayekula bustani, kala. Akainama, akatazama sana. Akasema posamu huyo kaazima mkasi wetu.

Alhamisi, 12 Desemba

Uliokatwa umenuna. Haukui. Mwenzake, ambao sikuugusa, umeupita kwa shubiri nzima.

Nikaona dawa ni kuulaza. Nimeufunga kwa soksi zangu za kubana mishipa, zile nzito za rangi ya udongo. Nikavuta. Tawi likalia kama kidole cha mzee. Nikalibandika plasta.

Noelene akaja na skoni, vile vimkate vya chai, bila kuitwa. Akautazama mche, akasema, "Shoga, huyu kavunjika paja? Mwite daktari." Clarrie akacheka na skoni yake mdomoni. Kicheko kile cha puani. Nilidhani ni changu peke yangu. Nyumbani sijakisikia tangu majira ya baridi. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Skoni zake kavu. Nimekula tatu.

Jumanne, 17 Desemba

Joto digrii thelathini na tisa. Noelene kaanguka bafuni, yuko hospitali, kaumia nyonga. Nimempelekea supu ya kondoo na gauni la kulalia, maana lile la hospitali linaacha matako nje na yeye ni mtu wa heshima. Alianza kulia. Nikamwambia anyamaze ale. Akauliza nani ataimwagilia miche. Nikasema mimi, unadhani nani, malaika?

Nimeimwagilia asubuhi na jioni huku naitukana. Mkasi ulikuwa mfukoni. Sikukata. Mtu kalazwa, humkatii kitu chake. Lakini zile soksi nimezifungua zote, nikazifua, nikazianika kwake, na matawi nikayafunga upya kwa kamba ya katani, kama watu wenye adabu.

Clarrie akakagua mafundo. Akasema si mabaya. Nimelala vizuri.

Jumatano, 22 Januari

Nimevuna. Ule mzima umejaza kopo la chai. Uliokatwa umejaza kikombe, na kikombe chenyewe kidogo. Clarrie hakusema "nilikwambia". Ndivyo anavyoniadhibu.

Magoti yake mabaya wiki hii. Alipanda ngazi kupogoa mitufaa ya watu kule Batlow tangu akiwa kijana, na ngazi sasa zinadai. Hafiki kwenye uzio. Nikafurahi nusu dakika. Kisha nikamwona anahangaika kuvaa kiatu, furaha ikanitoka.

Jumapili, 9 Februari

Maua yamekauka. Nimeyachemsha na mafuta na nta, marhamu tayari. Nimempaka Clarrie magoti kwa mikono yangu. Ya Noelene bado kabisa, yeye mwenyewe karudi na fimbo anaizunguka tu. Nikamwonea huruma, nikampelekea pai.

Kisha nikamuuliza Clarrie waziwazi, kule kwenye uzio alikuwa anatafuta nini. Akasema, "Bibie, yule alinipa mkasi." Basi. Maisha yake yote amekata na kulaza matawi ya miti ya matajiri, na hapa kwake mkasi haugusi, mimi ndiye nimeukalia.

Nikamwahidi mbegu mpya ni zake: kukata, kulaza, kufunga, yote yeye. Nikamkabidhi mkasi. Akacheka kile kicheko cha puani. Tukapanda pamoja, yeye kaketi kwenye ndoo, mimi nachimba.

Jumatano, 19 Februari

Miche mipya imeota. Ina siku nne, kila mmoja na majani yake mawili. Clarrie kasema atakata mmoja tu, ukifika wiki ya tatu, si kabla. Noelene akaitikia kutoka upande wa pili. Ndiyo Clarrie. Kweli kabisa Clarrie. Watu wawili hawa wana muda wa kuchezea.

Nimekaa nikafikiri. Kosa langu la Desemba lilikuwa nini? Kuchelewa. Kasema mwenyewe, na karatasi ikasema.

Mkasi alikuwa kauweka juu ya kabati. Nilipanda kiti. Nimekata vichwa miche yote miwili, chini kabisa, chini ya yale majani mawili, safi. Safari hii hakuna atakayesema nimechelewa.

Kulaza na kufunga nimemwachia yeye, kama nilivyoahidi.