Nilivyomchagua Cucu Badala ya Ciru

Marafiki, leo nimejianika mbele ya koo mbili. Naandika nikiwa Ngoliba, nyuma ya tangi la maji, na sahani ya pilau mkononi.

Ilikuwa ngurario yetu, harusi ya kimila, mimi na Ciru. Kwa mila yetu wanawake hufunikwa leso kichwa hadi miguu, wanapangwa foleni, na bwana harusi anamtafuta wake. Asipompata hakuna ndoa.

Shida ni baba yake Ciru. Mzee ni mkulima, anaamini anachokigusa. Tangu tuanze uchumba ananiuliza kazi yangu ni nini hasa. Namwambia nasomea sayari kubwa zinazozunguka nyota za mbali. "Umewahi kuziona?" Namwambia nyingi hatuzioni, tunazijua kwa jinsi zinavyoiyumbisha nyota yao. Huomba chai.

Leo akashika kipaza sauti. "Huyu kijana anasema yeye hupata vitu havionekani. Sawa. Nampatia nafasi mbili. Akikosa zote, arudi kwao Gatongora, tutaitana siku ingine." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

(Nikiri: jana Ciru alinipigia simu akasema atakohoa nikimkaribia. Nikakataa. Nikamwambia mtaalamu haibi mtihani. Mtaalamu!)

Walikuwa saba, wanacheza taratibu. Nikapita mara moja tu. Wa tano alikuwa anayumba kwa namna ninayoijua: kulia mara mbili, anasita kidogo, kisha kushoto. Ciru huyumba hivyo hata akiosha vyombo. Njoro, msimamizi wangu wa harusi, akaninong'oneza, "Buda, angalia tena."

"Data imetosha," nikamjibu.

Nikapiga goti. Nikamshika mkono. Nikasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Ciru wangu, hata wakufunike na mawingu, unavyoyumba nakujua."

Nikafunua leso.

Cucu. Nyanya yake Ciru, yeye mwenyewe aliyemfundisha kucheza. Akanikagua kuanzia kichwa hadi viatu, akasema, "Mimi sijakataa."

Watu walivunjika mbavu. Kuna mama aliyekaa chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni lake jipya. Baba Ciru akainua kidole kimoja: imebaki moja. Niliogopa, sitawadanganya. Niliona kabisa nikirudi Gatongora bila mke, na mbuzi wangu wameshaliwa.

Hapo nikakumbuka kosa ninalowakemea wanafunzi wangu kila muhula. Ukipima kuyumba peke yake, unaweza kudhani umepata sayari ndogo kumbe ni dude zito mara kumi. Ndiyo maana tunaongeza vipimo: tunaangalia pia nyota imesogea upande gani angani, na tukiweza tunapiga picha, hata ya ukungu. Vikikubaliana vyote, ndipo unaandika jina.

Nikaomba dakika kumi. Nikaanza upya, polepole.

Kuyumba kwanza. Wa pili na wa sita walikuwa wanayumba kama Cucu (inaonekana alifundisha ukoo mzima). Kwa hiyo nikaacha kuwatazama wao, nikamtazama shangazi yake Ciru aliyekuwa akiwarekebisha leso. Nikimkaribia wa pili, shangazi ametulia. Nikimkaribia wa sita, anasogea nusu hatua kumkinga, na wala hajui anafanya hivyo. Nikarudi mara tatu. Akasogea mara tatu, kama nyota yenye sayari.

Ikabaki picha. Nikangojea upepo, na Ngoliba upepo haukawii. Ukaibana leso ya wa sita usoni, nikaona umbo la pua. Picha mbovu, lakini pua ile naijua. (Ni kubwa. Ameniruhusu kuandika.)

"Wa sita," nikasema. Safari hii bila hotuba.

Ciru akatoka akilia na kucheka kwa pamoja. Kina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, Njoro akanibeba juu juu kama gunia la mahindi. Sijawahi kufurahi hivi, hata siku nilipopata shahada.

Baba Ciru akaja akanishika bega. "Sasa nimeelewa kazi yako. Wewe unachungulia majirani."

"Ndiyo, baba." Miaka minne naandika tasnifu na sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Basi, nina mke, na mkwe wangu ananielewa. Video ya goti Njoro ameshaituma kila mahali. Ninachoomba ni msinicheke leo, maana natakiwa kurudi meza kuu, na Cucu amekaa kwenye kiti cha bibi harusi na amekataa kuhama.