Kuzamia Maji ya Magotini

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utapumzika lini. Jerop, mke wangu, amelia jikoni akidhani sisikii. Mchungaji Kang'ethe atakuja Jumapili kunipa meza ya Bwana hapa kitandani, na kwanza ataniuliza kama nina lolote rohoni.

Ninalo. Miaka minne iliyopita Mzungu niliyekuwa karani wake alinipeleka likizoni, kisiwa fulani cha Pwani, ambako Wazungu huzama baharini na mitungi ya hewa mgongoni ili watazame samaki. Nikarudi Nakuru nikasema nami nilizama. Kumbe nilikuwa nalinda viatu vyao tu ufukweni. Tangu hapo wananiita Mwalimu, na kila Pasaka kanisa hunisimamisha niwaeleze watoto jinsi chini ya Bahari ya Shamu kulivyokuwa Waisraeli walipovuka.

Sitaki kufa na uongo huu. Jumapili nitasema.

Jumatano, 6 Agosti
Kiprugut amekuja kunijulia hali. Fundi baiskeli. Hajanipenda tangu nilipomshinda katika uchaguzi wa wazee wa kanisa. Katika mnada wa Mzungu mmoja anayehama amenunua mtungi, mpira wa kupumulia, miwani ya kuzamia na viatu kama miguu ya bata. Akaviweka juu ya blanketi langu kama mtu aliyeleta matunda.

Akasema waumini wanaomba kuniona nikizama japo mara moja kabla, akatafuta neno, kabla ya mvua. Kwenye bwawa la shamba la ngano, Njoro. Bwawa lile lilimeza trekta.

Jerop akasema mgonjwa hapelekwi majini. Kiprugut akajibu kwamba ni kweli, mama, lakini kama Mwalimu Kosgei ana sababu nyingine ya kukataa, si aiseme tu. Akanitazama. Nilikuwa tayari kusema. Nikafungua kinywa. Kikasema: Jumamosi.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikulala. Sijui hata kuogelea.

Alfajiri akili ikaja. Nimemwarifu Kiprugut kwamba mapafu yangu yamezoea maji ya chumvi, ya bwawa yataniua. Tutaenda Ziwa Nakuru. Mwaka huu ziwa lote halipiti magoti. Ndege heroe wanatembea katikati yake na matumbo yao makavu. Nitalala kifudifudi, nitasali Baba Yetu kimoyomoyo, nitaamka. Maji ya magotini hayaui mtu mzima.

Jerop anasema kuna waliokufa kwenye karai. Amekuwa hivi tangu nimwoe.

Jumamosi, 9 Agosti
Tope bado liko chini ya kucha. Naandika hivyo hivyo.

Walinipeleka ziwani kwa mkokoteni. Kanisa zima lilikuwa ukingoni, linaimba. Kiprugut akanifunga mtungi yeye mwenyewe. Nikauliza hewa aliijaza wapi. Akasema kibandani kwake, kwa pampu ya baiskeli, na mabega yanamuuma, kwa hiyo nisimletee malalamiko.

Hapo ningeweza kukataa. Lakini walikuwa wamefika ubeti wa mwisho.

Wakanishika mikono mpaka maji yakafika gotini, nikawafukuza. Nikalala. Mtungi ukanigandamiza kama jiwe la kaburi. Pumzi ya kwanza ilikuwa na ladha ya gundi ya kiraka. Ya pili ilikuwa nusu. Ya tatu haikuwapo. Nikasukuma chini ili niinuke, mikono ikazama topeni hadi viwiko. Nikasukuma tena, uso nao ukafuata. Moyo ukapiga, ukanyamaza. Nikaungoja. Nikamwahidi Mungu: nitoe hapa, kesho nasema yote, neno kwa neno.

Mtu akanikamata mkanda na kunivuta kama ndama aliyekwama akizaliwa. Alikuwa Kiprugut. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki topeni, naye alikuwa analia.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Nilidhani unatudanganya. Lakini mtu asiyezoea hawezi kukaa chini muda wote ule."

Jumapili, 10 Agosti
Mchungaji amekuja. Kiprugut alisimama mlangoni, kofia mkononi. Jerop alikuwa ameshika birika. Yeye anajua. Ndiye aliyefua nguo zangu niliporudi kutoka Pwani, na hazikuwa na chumvi.

Mchungaji akauliza kama nina lolote rohoni. Nikasema nimewadanganya kuhusu bahari. Kiprugut akainua uso, macho yake bado mekundu kwa kilio cha jana.

Nikasema kwamba niliwaambia nilizama kina cha minazi mitatu. Ilikuwa miwili.

Mchungaji akafuta machozi. Akasema hajawahi kuona dhamiri safi namna hii. Nikala mkate, nikanywa. Jerop akalitua birika mezani kwa kishindo mpaka chai ikamwagika.

Kisha Kiprugut akauliza, kwa heshima kabisa, chini ya Ziwa Nakuru kuna nini. Nikaikumbuka ahadi yangu ya topeni. Niliikumbuka vizuri sana.

Nikasema kuna mlango.

Moyo unapiga vizuri leo. Kiprugut ameondoka mbio kwenda kujaza mtungi, anataka nimwonyeshe. Nimemwambia safari hii apige pampu wiki nzima.