Shichi Niliyoitamka Mimi

Jumatano, 7 Novemba 1956
Nimefanya! Mke wangu Sumie alipokwenda sokoni kununua figili, nimechomoa kimono yake nyeusi ya sherehe nikaikimbiza duka la rehani. Ndani ya boksi la kimono nimekunja pazia kuukuu, karatasi juu, safi kabisa. Jumapili anaihitaji: binti ya dada yake anaolewa. Farasi wanakimbia Jumamosi. Muda upo tele.

Sijakurupuka. Rehani kwa Kijapani ni shichi. Saba nayo ni shichi. Leo tarehe saba! Na namba saba mbio za tano ni yule mwekundu ninayemfuatilia tangu kiangazi. Nilitaka ishara gani tena, barua kutoka mbinguni?

Ijumaa, 9 Novemba
Balaa. Sumie alitaka kuianika kimono ipigwe upepo. Nikamwambia mvua inakuja. Jua linawaka! Akaniuliza tangu lini fundi wa mikeka ya tatami amekuwa mtabiri wa hewa. Nikashika tumbo, nikalia linauma. Akaenda kunichemshia uji, boksi likapona.

Jioni nilipita kwa Kurimoto, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Huyu hanunui tiketi, ng'o! Huenda uwanja wa farasi kuokota zilizotupwa, akitafuta ya mshindi iliyomponyoka mtu. Nikamwambia ni aibu mtu mzima kutembea ameinama kama kuku. Akacheka, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwokota takataka ananipa methali!

Jumamosi, 10 Novemba
Naandika haraka, maana nikiacha nitalia.

Foleni ya tiketi ilikuwa ndefu. Mbele yangu bwana mmoja anahesabu vidole, hajui anataka nini. Nikamsukuma, akaniita mshenzi. Kengele ya mwisho ikaanza kulia. Nikatumbukiza noti zote kwenye kitundu, nikapaza sauti: Shichi! Kumi! Mama wa ndani akanisukumia tiketi, dirisha likafungwa. Sikuzitazama hata. Nilizifunga kwa uzi wa kijani wa mikeka, ndio hirizi yangu, nikazisokomeza kwenye mkanda wa tumbo.

Saba alitangulia! Kona ya mwisho bado yuko mbele, nami naiona kimono inarudi kabatini. Ghafla namba moja, kijivu, mbavu nje, farasi asiyetazamwa na mtu, akaja pembeni. Pua kwa pua. Pua ya kijivu.

Nilitupa fundo lile chini nikalikanyaga. Sumie nitamwambia nini? Nimeshindwa kula. Ameniwekea dagaa wawili wakubwa, mwenyewe kala mmoja, na hilo limeniumiza zaidi.

Jumapili, 11 Novemba
Alipofungua boksi nilikuwa nimejifungia chooni. Nikasikia karatasi inachanwa, pazia linatua sakafuni. Afadhali angepiga kelele! Kisha nikasikia mlango.

Alivuka kwa Kurimoto. Akarudi amebeba kimono nyeusi ya mke wa Kurimoto, Fusae, ambaye naye alikuwa ameiweka duka lile lile la rehani, akaikomboa jana jioni. Kwa pesa gani, jamani? Nilipotoka chooni jibu lilikuwa mlangoni kwetu, limemfuata Sumie, limeshika wembe. Kurimoto alimwambia Sumie kwamba jana mjinga fulani alitupa tiketi kumi za namba moja, zote za ushindi, zimefungwa hivi. Akatoa mfukoni uzi wa kijani.

Sumie aliutazama uzi. Akanitazama mimi.

Ichi! Nilisema shichi, yule mama wa tiketi kasikia ichi, yaani moja, kanipa namba moja! Nilishinda! Nilishinda nikajikanyaga mwenyewe! Nikamweleza Sumie yote barabarani, kwa kirefu. Akasema kumbe hata kuhesabu hadi saba kumenishinda.

Arusini ikawa vituko. Mgongoni mwa kimono kuna nembo ya ukoo wa Kurimoto, majani matatu ya mwaloni, na sisi nembo yetu ni korongo. Ukumbi mzima umeona. Shangazi yake akamuuliza kwa sauti kama ameshaolewa kwingine. Sumie akajibu bado, lakini analifikiria. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 12 Novemba
Sumie amesema neno moja, akiwa amenipa mgongo: nikikanyaga tena uwanja wa farasi anarudi kwa mama yake, na sufuria ya wali anaondoka nayo. Hakupayuka. Niliogopa kweli. Miaka kumi na tisa sijamwona akisema kwa upole hivyo. Nimeapa kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

Nimejifunza. Kosa halikuwa farasi, wala ishara. Ishara ilikuwa sawa, mwekundu kakosa pua tu. Kosa ni ulimi. Saba ina jina la pili, nana, halichanganyiki na kitu. Nimelirudia mara hamsini mbele ya kioo. Nana. Nana. Nana!

Redio yetu siku hizi inakoroma tu, hakuna anayeisikiliza. Duka la rehani kesho linafunguliwa saa mbili asubuhi.